Maziko ya Adabu

Evance alirudi Morogoro kumzika baba yake akiwa na mshereheshaji. Ndiyo, mshereheshaji, msibani. Na maturubai meupe mbele ya nyumba ya dada yake pale Kihonda, na viti vilivyovishwa vitambaa kama bibi harusi, na vijana wa kukodi waliovaa glavu ili wabebe jeneza, utadhani Mzee Alois alikosa watu wa kumbeba. Mwanvita aliyatazama yote hayo kutoka upande wa majiko, akasonya.

Alikuwa na haki ya kusonya. Yeye na Evance walikua ukuta kwa ukuta kwenye kota za kiwanda cha nguo, enzi hizo kiwanda kikiwa kiwanda. Baba yake Mwanvita alikuwa Mluguru wa Matombo, Mzee Alois alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Watani, basi. Na kota zile utani haukuwa porojo. Mtani ndiye aliyekuamsha kwa matusi ukitaka kuchelewa zamu, ndiye aliyemchukua kuku wako na usimdai, na ukifa ndiye aliyekuzika, amevaa koti lako, anaiga mwendo wako, anayamwaga maovu yako yote mpaka wanaolia wacheke. Mtani akikutukana, wewe ni wake. Siku akianza kukuheshimu, jua ameshakufuta.

Mzee Alois alilijua hilo. Mwezi uliopita Mwanvita alipompelekea uji, alimshika mkono akamwambia, "Nikizikwa kimya nitajua nimefia ugenini. Usikubali." Maisha yote Morogoro, mke kamzika hapa, na bado aliogopa kufia ugenini. Mwanvita akamwahidi kwamba atamtukana mpaka malaika wazibe masikio. Mzee akacheka mpaka uji ukampalia.

Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa imemkaa kooni sasa, huku mshereheshaji akisoma ratiba: sala, wasifu, salamu kutoka ofisini kwa Evance, mashada. Watani hawakuwamo.

Kisha Evance akasimama kusoma wasifu. Loo, makubwa! Aliusimulia utoto wao kwa sauti ya kukatikakatika. Eti waliogelea kwenye mto wa maji maangavu ulioshuka Uluguru. Mto gani? Ule ulikuwa mfereji wa maji ya rangi kutoka kiwandani. Ukitaka kujua siku hiyo wanachapa khanga za rangi gani, ulitazama miguu ya Evance. Eti baba yake alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Mzee Alois huyu huyu, aliyekuwa akigombana hata na redio! Wageni kutoka Dar walijifuta machozi. Watu wa kota walitazamana tu.

Mwanvita hakungoja tena. Aliingia ndani, na Josephina, dada yake Evance, akampa koti la marehemu bila kuombwa. Alitoka akichechemea kama mzee mwenyewe, koti kaligeuza nje ndani, mkongojo mkononi, akasimama mbele ya jeneza na kupaza sauti.

"Alois! Babu zako walibeba pembe toka Tabora mpaka pwani. Wewe mzigo ukakushinda hapa Morogoro, ukautua, ukatudanganya umeajiriwa!"

Kota nzima ikaangua kicheko. Mzee Mwinshehe, aliyefanya kazi na marehemu mashine moja, alicheka mpaka machozi yakamtoka, machozi yale yale yaliyomgomea tangu asubuhi. Evance akaja haraka, tabasamu amewaachia wageni, akamshika Mwanvita kiwiko.

"Mama, naomba ukae. Hapa kuna wageni."

Mama! Mwanvita huyu, waliyeogeshwa naye karai moja. Alimtazama huyo bwana na kitambi chake na marashi yake, akamdharau mpaka mate yakamjaa mdomoni. Maneno alikuwa nayo, Mungu shahidi. Angeanzia kwenye kitanda alichokuwa akikikojolea mpaka darasa la tano, na jua lingezama hajafika nusu. Akayameza. Alivua koti, akalikunja vizuri, akainamisha kichwa.

"Samahani sana, bwana Evance. Pole kwa msiba."

Kicheko kilikatika pale pale. Josephina akaziba mdomo kwa mkono. Mzee Mwinshehe akainuka, akaenda kumpa Evance mkono: pole, bwana. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kwa sauti za ofisini. Na Evance, maskini wa Mungu, akafurahi. Alimnong'oneza mgeni wake kwamba watu wa hapa ni wastaarabu mno. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, ila huyu hata hakujua kwamba ameshauzwa. Jeneza likapakiwa, wakaondoka.

Makaburini Kola vijana wa glavu ndio walioshusha, wao ndio waliofukia. Hakuna mtu wa kota aliyegusa koleo. Mashada yakawekwa, picha zikapigwa, Evance akawasindikiza wageni kwenye magari yao.

Hapo Mwanvita akalivaa koti tena. Akalipiga kaburi ubavuni kwa mkongojo.

"Amka wewe, zamu imekupita!"

Akaanza. Alimsema kwa ubahili wake, kwa kuimba kwake kanisani kulikowatoa watu nje, kwa michembe, viazi vile vya kukausha, aliyotumiwa na ndugu zake Tabora akaificha uvunguni ili asimgawie jirani. Alimtukana mpaka sauti ikamkauka. Mzee Mwinshehe alidakia, wengine wakadakia, na Josephina akakaa chini kwenye vumbi, anacheka na kulia kwa pamoja. Mwanvita aliona moyo wake umetulia. Mzee wa watu hakufia ugenini.

Evance alikuwa anarudi kumchukua dada yake. Aliposikia habari ya michembe, kicheko kilimponyoka, cha kukoroma, kile cha utotoni. Michembe ile alikuwa akiiiba yeye. Akaja mbio, anafuta macho, ana neno la kuongeza.

Watu wakanyamaza. Wakasimama, wakampisha njia. Wanaume wakavua kofia.

Evance alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, uso ukamshuka. Jambo hili alilijua tangu mtoto, hata kama alikuwa amelisahau.

"Mwanvita," alisema, "na mimi nitukane."

Mwanvita alimpangusa vumbi kwenye bega la koti lake zuri.

"Hapana, bwana Evance. Asante sana kwa kuja."