Risasi Tatu Asubuhi ya Kulungu

Hilja alisikia tawi likivunjika, kisha kishindo. Alipofika chini ya mti alimkuta mdogo wake Reino kalala chali kwenye theluji, mguu wa kulia umepinda pasipo goti. Dungu lake la kuwindia lilikuwa likining'inia juu kwa kamba moja.

"Usiniguse, dada. Piga risasi tatu. Watakuja."

Katika msitu ule wa serikali kila mwindaji alijua: risasi tatu mfululizo ni mtu anaomba msaada. Hilja akapiga. Wakangoja. Ng'ambo ya bonde bunduki zikalia mbili, tena tatu, tena nyingi. Ilikuwa asubuhi ya kwanza ya msimu wa kulungu, na nusu ya wilaya ilikuwa imejibanza nyuma ya miti.

"Watasema kuna mjinga kakosa kulungu mara tatu," Reino akasema, akijaribu kucheka. Meno yakagongana. Simu haikushika mtandao.

Hilja akavua koti lake la rangi ya machungwa, ambalo wawindaji huvaa wasipigane risasi, akamfunika.

"Lirudishe! Kwa hilo sweta la kahawia watakudhani kulungu!"

"Nyamaza. Baridi itakumaliza wewe kwanza."

Akashika njia ya barabarani, Mungu wangu, Mungu wangu, kila mti ukiwa na jicho. Mara mlio, na gome la mti likaruka karibu na bega lake. Akaanguka kifudifudi. Alitamani abaki pale pale. Badala yake akafungua kinywa, akaimba wimbo wa maziko, maana ndio pekee uliomjia, kwa nguvu zote za kifua. Akainuka, akatembea akiimba.

"We mama!" Mwanamume mwenye ndevu alichomoka vichakani. "Una wazimu? Mwaka mzima nimesubiri leo, unanifukuzia kulungu na kwaya yako!"

"Asante Yesu." Hilja akamng'ang'ania mkono. "Nitukane tukienda. Mdogo wangu kaanguka, kavunjika."

Mwanamume akatundika bunduki begani. Akatoa redio yake, akawaita wenzake waje na machela.

Wawili hao walipofika kwa Reino, theluji ilikuwa imelifunika koti. Halikutikisika. Hilja akabaki nyuma. Yule bwana akapiga magoti peke yake, akatega sikio.

"Anapumua. Njoo umshike kichwa, mama."

Akamshika kwa mikono miwili, macho hayabanduki kwenye mvuke mwembamba puani mwa Reino, ukikatika, ukirudi.