Kanzidata Mbili za Chama cha Kuzikana

Ofisi ya chama chetu cha kuzikana iko ghorofani, Kariakoo. Akifa mtu, mfumo wa kompyuta huwatumia wanachama wote ujumbe wa mazishi. Mwaka jana alipofariki mke wa Mzee Mbaruku, mwenyekiti wetu, mwanawe Haruna hakutokea. Anakaa Upanga, si Ulaya! Alisema ujumbe ulimfikia wakati mama keshazikwa. Mzee akamwamini, hasira zote akazimalizia kwenye mashine: inunuliwe seva mpya yenye prosesa nyingi, zilinganishwe kanzidata mbili za bure za kutunzia orodha ya wanachama, ya zamani na mpya, itakayochelewa itupwe.

Kazi tukapewa mimi na Amjad. Jaribio lilihitaji jina la marehemu, na Amjad akataka kubuni.

"Utamchuria mtu wa watu," Mzee akamkatiza. "Wekeni langu."

Kanzidata ya zamani ilitia aibu. Prosesa moja ilihangaika, nyingine zote zikakaa zikiingojea. Ya pili ikazigawia prosesa zote kazi, na mara orodha nzima ikawa imekwisha. Nikapiga makofi kama mjinga. Ndipo simu yangu ikalia: Innalillahi, Mzee Mbaruku amefariki, mazishi baada ya Alasiri, tukutane ofisini. Amjad alikuwa ameifungia ya zamani tu njia ya kutuma ujumbe. Ya pili aliisahau.

Tukiwa bado tunaandika kanusho, simu ya ofisi ikapokea jibu kutoka kwa Haruna. Nikalisoma, nikaitia simu mfukoni.

Kanusho likaenda, lakini watu walishatoka makwao. Wengine waliikata Mnazi Mmoja mbio na kanzu zao. Mzee akateremka kuwapokea mlangoni. Walimkumbatia, wakalia, wakamgombeza. Yeye aliitikia huku macho yakipita juu ya mabega yao, yakitafuta barabarani. Nilijua anamtafuta nani, na moyo uliniuma.

Watu walipopungua akaniita.

"Najma, Haruna ujumbe umemfikia?"

"Umemfikia, mzee. Mapema kabisa."

"Kasema nini?"

Uongo ulinijia mdomoni, lakini mkono wake ulishanyooshwa. Nikampa simu. *Nimepata. Zikeni tu, msinisubiri.*

Alisoma, akasoma tena, akanirudishia.

"Wekeni hiyo ya pili," akasema.

Amjad, kwa hasira, akauliza kama aifute namba ya Haruna.

"Iache. Siku nikifa kweli, atumiwe yeye kwanza."