Kulungu wa Siku ya Sabato

Kwa miaka saba Kemunto aliomba kibali, na kwa miaka saba akajibiwa kwamba jina lake halikutoka. Vibali vya kuwinda kulungu wenye masikio makubwa kama ya punda, kule magharibi mwa North Dakota, ni vichache na hutolewa kwa kura. Mtu wa jimbo jingine, kama yeye, muuguzi wa Fridley, Minnesota, husubiri mpaka akasahau kwamba anasubiri. Mwaka wa nane barua ilimkuta mlangoni akienda kazini. Aliisoma amesimama, akairudia, kisha akampigia simu Griffins.

"Nimepata."

"Umepata nini?"

"Kibali!"

Griffins alipiga ukelele mpaka Kemunto akaiondoa simu sikioni. Ndiye aliyemfundisha kuwinda. Walikuwa wakifanya kazi pamoja katika nyumba ya wazee huko Maple Grove, na kila Novemba walipopata mapumziko ya kazi siku ileile, walikwenda msituni. Safari hii aliongezeka Naftali, shemasi wa kanisa la Kemunto, mkazi wa Apple Valley. Hakuwahi kushika bunduki maishani mwake, lakini alisema watu hawawezi kwenda nyikani bila mtu wa kuwapikia chai.

Walisafiri kwa muda wa saa kumi kuelekea magharibi. Ijumaa alasiri barabara ya lami ikaisha, na mbele yao ardhi ikafunguka ghafla: makorongo kwa makorongo, vilima vya udongo vyenye mistari ya kijivu na myekundu, na vichaka vya mireteni vilivyong'ang'ania miteremko. Hapakuwa na nyumba wala nguzo ya umeme. Walipomaliza kusimamisha hema, jua lilikuwa linazama. Kemunto akatoa risasi kwenye bunduki, akaifungia garini.

"Dada, unafanya nini?" Griffins aliuliza. "Nimeangalia hali ya hewa. Kesho hakuna upepo. Siku nzuri kama hiyo haitarudi."

"Kesho ni Sabato, Griffins."

"Miaka minane! Mungu anajua umetoka mbali."

"Anajua. Ndiyo maana nitapumzika."

Griffins alikuwa Mkatoliki. Alimtazama Naftali apate msaada, lakini Naftali alikuwa tayari amefungua kitabu cha nyimbo.

Asubuhi kulikuwa na barafu nyembamba juu ya nyasi na kimya ambacho Kemunto hakuwahi kukisikia tangu aje Marekani. Waliketi watatu kwenye viti vya kukunja nje ya hema, wamevaa fulana zao za rangi ya chungwa ili wawindaji wengine wawaone, wakaimba taratibu. Kisha Naftali akafumba macho, akaanza kuomba. Maombi ya Naftali yalijulikana kanisani kote kwa urefu wake.

Griffins ndiye aliyefumbua macho kwanza. Kemunto alihisi kidole kikimgusa goti. Akafumbua.

Kulungu dume alikuwa amesimama hatua ishirini kutoka kwao.

Hakuwa ametoka popote, alikuwepo tu. Shingo yake ilikuwa nene kama gogo, na pembe zilipanda, zikagawanyika, kila tawi likagawanyika tena, ncha zake nyeupe kwa kusuguliwa kwenye miti. Mvuke ulimtoka puani. Masikio yale makubwa yalikuwa yameelekezwa kwa Naftali, na kila sauti ya shemasi iliposhuka au kupanda, sikio moja liligeuka kidogo, likaifuata.

Kemunto alielewa kwamba sauti ndiyo iliyomsimamisha yule mnyama. Ikikatika, ataondoka.

"Na ulibariki taifa hili," Naftali alikuwa anafikia mwisho, "katika jina la..."

"Endelea, Shemasi," Kemunto alinong'ona bila kutikisa midomo. "Usifumbue macho. Endelea kuomba."

Naftali alisita kidogo tu. Akaendelea. Akawaombea wagonjwa wa Fridley mmoja mmoja. Akawaombea wanafunzi walioko vyuoni, na wanaofanya kazi usiku, na wanaongoja makaratasi ya ukaazi, na mjane mmoja wa Apple Valley. Kulungu akapiga hatua moja mbele, kisha nyingine, mpaka Kemunto akaziona kope zake na kovu refu kwenye bega lililofunikwa na manyoya mapya. Machozi yalimtiririka, naye hakujua yalianza saa ngapi. Kando yake Griffins, aliyelalamika jana yote, alikuwa ameshika kofia yake kifuani kwa mikono miwili.

Mwishowe watu wa kuombewa wakaisha. Naftali akanyamaza, akafumbua macho. Wakatazamana, yeye na kulungu, kwa muda wa pumzi tatu nne hivi.

Kisha mnyama akaruka. Hakukimbia kama kulungu wa misitu ya Minnesota. Aliruka kwa miguu yote minne pamoja, akatua kwa yote minne, akaruka tena, akapanda mteremko ule kana kwamba ardhi ndiyo iliyokuwa ikimrusha. Kileleni akageuka mara moja. Akatoweka.

"Bunduki iko garini," Griffins alisema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio.

Jumapili walimtafuta kutwa nzima wasimwone. Jumatatu walipaswa kuondoka mchana, kwa kuwa Kemunto alikuwa na shifti kesho yake. Alfajiri, Griffins akiwa na darubini, waliona dume jingine likijilisha chini ya korongo, dogo zaidi, pembe moja imevunjika ncha.

"Si yule," Griffins alisema.

"Najua."

Kemunto alilala kifudifudi juu ya udongo ulioganda. Alingoja mpaka mnyama akageuza ubavu. Akatoa pumzi nusu, akafyatua. Mlio ulizunguka makorongoni, ukarudi. Kulungu akapiga hatua mbili, akaanguka.

Alimfikia peke yake. Wenzake walibaki nyuma makusudi. Alipiga magoti. Sikio lilikuwa refu kuliko kiganja chake, na bado lilikuwa na joto. Katika miaka kumi na minne ya uuguzi alikuwa amefumba macho ya wazee wengi, kwa vidole viwili, taratibu, na mkono wake ukafanya hivyo bila kuagizwa. Kope hazikufunga. Macho yalibaki wazi, makubwa, ya kahawia kama chai ya rangi, na ndani yake palikuwa na anga yote ya asubuhi ile na kichwa cha mwanamke mwenye kofia.

"Asante," alimwambia. Neno hilo kwa Kiswahili halikutosha, akalirudia kwa Kikisii, lugha ya kwao.

Walimchuna na kumkata palepale, mikono ikitoa mvuke. Wakagawana nyama katika mabegi matatu. Naftali alisisitiza kubeba mapaja yote mawili ya nyuma, na hakuna aliyebishana naye. Njia ya kurudi garini ilikuwa ya kupanda, theluji ilianza kudondoka, na kila mmoja alisikia moyo wake ukipiga masikioni. Walipumzika mara nne. Mara moja Griffins alisema kwa sauti ya chini, "Jamani, nchi hii," akatikisa kichwa.

Kemunto akakaza mikanda mabegani, akaendelea kupanda.