Mzigo wa Witne

Shoka lilizama kwenye mwimo wa mlango kabla mwenyewe hajapiga hodi. Witne hakuinuka. Alikuwa kando ya jivu, kalamu mkononi, karatasi gotini, na tangu asubuhi hajaandika neno.

"Umeshaamua utaandika nini?" Kaupa aliuliza, akilichomoa shoka lake. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Witne.

"Kutunga si kunyonga kuku, shemeji."

"Basi nikusaidie. Andika tulivyowachoma Wakombri. Nyumba zilivyopasuka pwa! pwa! na yule mzee wao alivyotoka mbio mgongo unawaka. Vijana watacheka mpaka wajikojolee."

Igizo lilikuwa la siku ya kula nguruwe wa amani. Kila ukoo ungeleta lake, na kwa Wanimaku, ukoo wa mumewe, hakuna aliyemfikia Witne kwa kutunga. Lakini Witne alizaliwa Kombri. Milima ya Simbu ndivyo ilivyo: unaoa kwa wale unaopigana nao. Na aliyemuua mwanawe, Gigmai, alikuwa Siune, kaka yake wa tumbo moja.

"Ukikataa, watasema moyo wako uko kwa kaka yako," Kaupa alisema. "Na msaliti unajua tunamfanyaje."

Alijua. Kovu la panga la Wanimaku lilikuwa begani mwake tangu siku ya kwanza ya vita.

"Nikiandika hayo, Wakombri watainuka palepale, nyama haijaiva. Na wanao watakuwa mbele, shemeji, kama kawaida yao."

"Basi andika kifo cha Gigmai."

Hicho ndicho Witne alichokitaka usiku na mchana. Alishakiandika mara nyingi, na kila mara akakitia motoni. Siku ile alikuwa shambani kwenye viazi, ng'ambo ya mto, akasikia yote. Walimkata Gigmai mguu kwanza asikimbie. Mtoto akaita, "Mjomba, ni mimi!" Mjomba akapiga tena. Nani angelisikia hilo uwanjani akabaki amekaa? Yeye mwenyewe angeshika jiwe.

Mkono ukampanda kwenye paji la uso, kwenye alama ya kamba. Mwanamume wa Nimaku asingeweza kukanyaga ardhi ya Kombri kuchukua maiti. Binti wa kule tu ndiye angepita. Alikwenda yeye, akitemewa mate, akipigwa mawe. Mbwa walikuwa wameshafika. Akamwokota Gigmai vipande, akamtia katika mfuko wa kamba uleule aliomlaza uchangani, akauning'iniza kichwani, akarudi akidondosha damu njia nzima.

"Nimeamua," alisema.

"Vita?"

"Mzigo."

"Mzigo?" Kaupa alicheka. "Shemeji umezeeka. Mzigo nao ni igizo?"

Siku ikafika. Moshi wa nguruwe ulijaa uwanjani. Wakombri huku, Wanimaku kule, na pande zote mbili mashoka yamefunikwa majani. Amani ni amani, lakini shoka haliachwi nyumbani.

Witne aliingia peke yake, hana ngoma, hana manyoya. Mfuko ulikuwa umejaa mawe ya mtoni, kamba imeuma paji la uso.

"Bibi, viazi bei gani?" kijana wa Kombri alipaza sauti. Wakacheka. Witne akaanguka, goti likapasuka, akainuka. Kicheko kikapungua. Aliufuata upande wa Wakombri mpaka akasimama mbele ya Siune.

"Kaka, mimi nilimbeba kutoka kwako. Leo mbebe wewe." Akamvika kamba. "Hili jiwe ni mguu. Hili mkono. Hiki kichwa chake, nilikipata kwenye matete."

Siune angeweza kumpiga teke. Aliinuka, mishipa ya shingo imemtoka, akaanza kuvuka kuelekea kwa Wanimaku.

Katikati ya uwanja jiwe lilirushwa kutoka kwa Wanimaku likampata mdomoni. Jino likaruka. Hakusimama. Nyuma yake Wakombri wakainuka, majani yakaruka, mashoka yakaonekana. Wanimaku nao wakainuka. Mtoto mkubwa wa Kaupa alikuwa mbele kabisa, shoka juu.

"Baba, sema! Nimpasue?"

Siune alifika karibu nao, damu ikimchuruzika kifuani.

"Aliniita mjomba," alisema. "Nilimsikia. Nikapiga."

Uwanja mzima ukamtazama Kaupa. Alikuwa ameshainua shoka lake. Alimtazama Siune aliyepinda mgongo chini ya mawe, akamtazama mwanawe, kisha Witne, goti linamvuja damu. Alikuwa hajawahi kuuliza mwili wa Gigmai ulifikaje nyumbani. Aliukuta umeshafunikwa, akaenda kupigana.

Akamshika mwanawe kifundo cha mkono, akakipinda mpaka shoka likaanguka.

"Kaeni chini!" alifoka. "Nani kawaambia igizo limekwisha? Kaburi la Gigmai liko kule juu. Hajafika bado."

Siune akatema damu, akainua mguu mwingine.