Pete ya Shaba Mlangoni

Mkaguzi alikwangua rangi kwenye ukingo wa mlango, upande wa bawaba, kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu kama anayemenya yai. Chini ya rangi kikajitokeza kibandiko kidogo cha bati chenye namba.

"Hiki hapa," alisema. "Matapeli hukibandika juu ya rangi, kila mtu akione. Ukikuta hivyo, jua umepigwa."

Fundi cherehani, mwenye nyumba, aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesimama katikati ya vitambaa vyake, na hata angeambiwa mlango ule umetengenezwa kwa biskuti, angeitikia vilevile. Tangu wamzike mkewe, maneno ya watu yalimfikia kwa mbali. Akiwekewa chakula alikula. Kukiingia giza alilala. Suruali za wateja alizishona, zikawakaa vizuri. Hakulia hata siku moja, watu wakamsifu kwa kujikaza, naye hakuwa na nguvu ya kuwaambia kwamba hajikazi chochote.

Aliyemwita mkaguzi ni binti yake. Alitaka kuhamia hapo na mwanawe, Pini, ili mzee asibaki akizungumza na cherehani. Lakini jengo la mtaa wa pili lilikuwa limeungua, na milango iliyouzwa kuwa ya kuzuia moto ikawaka kama magazeti.

"Baba, simleti mtoto ghorofa ya nne mpaka nijue mlango ni wa kweli," alikuwa amesema. "Moshi ukijaa ngazini hatuna pa kupita. Mlango ndio utakaotuweka hai mpaka tuje kuokolewa."

Mkaguzi alipiga simu kiwandani, akasoma namba, akapima unene na upana, akasikiliza. Kisha akafuatisha kwa kidole ukanda mweusi uliozunguka fremu, ule unaovimba ukipata joto na kuziba mianya. Mwisho akaufungua mlango wote na kuuachia. Ukarudi wenyewe, ukajifunga.

"Wamekubali ni mlango wao," alisema. "Mzee, una mlango wa haki. Wenzako wamenunua maboksi."

Binti akacheka. "Basi naleta mizigo leo leo!"

"Subiri kwanza, dada." Mkaguzi alikuwa amechuchumaa. "Hili tundu nalo?"

Lilikuwa tundu la kupitisha kidole, usawa wa kiuno. Kila upande lilikuwa limezungushiwa pete ya shaba, zile zinazopigwa kwenye turubai, imegongwa kwa unadhifu wa mtu anayeijua kazi yake.

"La mama," binti alisema polepole. "Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Lile la kuchungulia la kiwandani, la juu, hakulifikia."

"Aliyetoboa nani?"

"Mimi," alisema fundi. "Niliazima drili kwa jirani. Nikapiga na pete, lisichanike."

"Lisichanike?"

"Kitambaa ukikitoboa bila pete, kinachanika."

Siku ile mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Mlango gani unachanika, mume wangu? Lakini tangu hapo, fundi akitoka kupeleka nguo, hakuugusa ufunguo. Alibisha mara moja, akasimama. Mkewe alisogeza kiti, akachungulia, akaiona futi ya kupimia nguo inaning'inia kiunoni, akafungua. Hawakuhitaji kuulizana.

Mkaguzi alisimama, akajinyoosha mgongo. Hakufurahia aliyokuwa nayo ya kusema.

"Mlango huu ulijaribiwa ukiwa mzima. Ukishatobolewa hivi, uthibitisho wake umekufa. Moshi hauombi nafasi kubwa, mzee. Siwezi kusema mtoto atakuwa salama."

"Nitaweka kiraka."

"Si suruali hii. Kiwanda walete mlango mwingine, fremu ibaki."

Binti alimtazama baba yake. "Kama hutaki, baba, tutabaki kwetu. Nitakuwa nakuja kukuangalia."

"Utoeni," alisema fundi. Akarudi kwenye cherehani, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu. Aliyelia ni binti, na mkaguzi akajitia kutafuta penseli mkobani.

Mlango mpya ukaletwa. Mafundi waliofungua bawaba walimuuliza fundi kama angependa kubakiza zile pete. Akasema hana kazi nazo. Mkaguzi akarudi, akakagua kibandiko, mianya na ukanda, akampa mkono na kumtakia usingizi mnono. Binti akahamia na Pini, nyumba ikajaa viatu vidogo na maswali. Fundi aliyajibu aliyoyasikia.

Mchana mmoja alirudi kutoka kupeleka suti ya bwana harusi. Ufunguo ulikuwa mfukoni, lakini mkono ulitangulia wenyewe. Akabisha mara moja, akasimama.

Ndani, vijiguu vilikuja mbio, vikakoma.

"Nani?"

Miaka yote ile fundi hakuwahi kuulizwa swali hilo mlangoni kwake. Alishusha mkono mpaka usawa wa kiuno, akapapasa. Mbao ilikuwa laini, baridi, nzima. Akapapasa tena, huku na huku, akijua vizuri hakuna kitu, na hapo ndipo mkewe alipomfia. Alichuchumaa pale koridoni, paji la uso juu ya mlango, akalia kilio kikubwa, cha kukosa adabu, kikashuka ngazi za ghorofa zote nne.

"Wewe nani?" Sauti ya Pini sasa ilitokea chini, mbele kabisa ya uso wake, ng'ambo ya mbao. "Mama yuko bafuni. Amesema nisifungue mpaka mtu aseme ni nani."