Hamza ya Hawa

Kwa miaka kumi na tisa Nyasuguta alikuwa ameandika mabango ya mji wa Migori: saluni, vinyozi, makanisa, maduka ya dawa za mifugo. Ndiyo sababu Kultum, muuza vitambaa wa karibu na msikiti, alimkabidhi yeye kibao kipya cha kaburi la mamake, aliyezikwa Homa Bay. Cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu. Kultum alimwandikia jina kwenye karatasi kwa Kiarabu: Hawa.

Nyasuguta hakujua Kiarabu, lakini mkono wake ulijua kuiga. Alinakili herufi tatu vizuri, nyeupe juu ya kijani. Mwishoni palikuwa na kialama kidogo kama mdomo wa kifaranga. Akadhani kalamu iliteleza, akakiacha.

Saa saba mchana, rangi ikiwa bado mbichi, alisikia mtu nyuma yake akivuta sauti.

"Hawaaaa..."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, isiyopanda wala kushuka. Aligeuka. Kibandani hamkuwa na mtu. Nje bodaboda zilipita, muuza omena alikuwa akibishana na mteja, na chini ya kelele zote hizo sauti iliendelea kama mfereji ambao mtu amesahau kuufunga. Nyasuguta alingoja mwenye sauti ashushe pumzi. Hakushusha. Mara akatambua kwamba yeye mwenyewe amezuia pumzi yake, na kifua kinamuuma.

Akakibeba kile kibao mpaka dukani kwa Kultum, ambaye mtaani walimwita Mama Abdi.

"Mama Abdi, kuna mahali nimekosea, na sijui ni wapi."

Kultum alikitazama kibao, kisha akazima feni. Wakasikiliza wote wawili. Vidole vya Kultum viliushika kwa nguvu ukingo wa meza.

"Nawe unaisikia?" Nyasuguta aliuliza.

"Mama alikuwa na pumu," Kultum alisema polepole. "Siku ya mwisho alivuta pumzi, nasi tukakaa tukingoja aitoe."

Kisha akachukua kalamu. "Hiki ulichokiacha si doa. Ni hamza. Ni pale koo linapoikata sauti. Bila hamza, jina la Mama halina mwisho."

Nyasuguta alichovya brashi, akataka kuiweka juu ya alifu, ile herufi ya mwisho iliyosimama kama fimbo. Kultum akamshika mkono.

"Usiharakishe. Hamza huchagua pa kukaa. Mwanzoni mwa neno hukaa juu ya alifu, na ikiwa na kasra, yaani irabu i, hushuka chini yake. Katikati, unatazama irabu yake na ya herufi iliyoitangulia. Yenye nguvu ndiyo inayoipa kiti. Kasra huishinda dhamma, ndiyo u, na dhamma huishinda fatha, ndiyo a. Kasra huipa herufi yaa isiyo na nukta, dhamma huipa wau, fatha huipa alifu."

"Na mwishoni?"

"Mwishoni unatazama iliyotangulia tu. Ikiwa ni irabu ndefu, kama hapa, hakuna kiti. Hukaa peke yake mstarini."

Walijaribu kwanza kwenye karatasi, kwa maneno ya Kiarabu yenye maana ya kichwa, muumini na kisima. Kila Nyasuguta alipoipa hamza kiti kisicho chake, ile sauti ilikaza, naye akaifuta akaanza upya. Alipopata maneno yote matatu bila kusaidiwa, akakirudia kibao. Aliiweka hamza baada ya alifu, peke yake.

Sauti ikakatika. Mtu akashusha pumzi ndefu katikati yao, karibu kabisa, mpaka ukingo wa mtandio wa Kultum ukatikisika. Kultum alijifunika uso akalia.

Alhamisi asubuhi walikwenda Homa Bay, wakakisimika kibao. Kultum aliomba dua. Nyasuguta, Msabato tangu kuzaliwa, alisimama kando ameinamisha kichwa, na hapo ndipo aliposikia sauti nyingine, kutoka kwenye makaburi ya upande wa ua. Hii ilikuwa ya mtoto.

Waliifuata mpaka kwenye kibao kilichopinda. Kultum alifuta vumbi, akasoma. "Sanaa. Hamza yake haipo."

"Unawajua watu wake?"

"Siwajui."

Nyasuguta alipiga magoti, akafungua mkebe wa rangi aliokuja nao. Irabu ndefu imetangulia, hakuna kiti. Aliandika, na mtoto akanyamaza.

Basi wakasimama wakasikiliza. Makaburi yalikuwa mengi, na si yote yaliyokuwa kimya. Hawakurudi Migori siku hiyo.