Maombi kwa Ajili ya Leticia

Fundi Otto alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya wakili, tochi mdomoni, akizifuata nyaya kwa kidole mpaka ukutani. Kasiana alisimama mlangoni na chupa ya chai, haingii wala hatoki. Miaka sita alikuwa akiisafisha ofisi ile ya msaada wa kisheria, pale mtaa wa Lizaboni, na hajapata kuona mtu akitafuta kitu mahali alipokwisha kudeki.

"Shikamoo, mama," alisema Otto, tochi ikimkwaza ulimi.

"Marahaba. Umepoteza nini huko chini?"

"Natazama mwizi atapitia wapi."

"Na wewe ukishapajua, nani atakutazama wewe?"

Otto alicheka hadi tochi ikamponyoka. Kasiana hakucheka. Alimwona akitoa daftari na kuandika: nani ana ufunguo, nani anaijua nywila, karatasi zilizoharibika hutupwa wapi. Mpango wa ulinzi wa taarifa, ndivyo alivyouita. Kasiana aliishia darasa la saba na kompyuta hakuwahi kuigusa ila kwa kitambaa cha vumbi, lakini mtu anayeuliza funguo za kila mlango alimjua huwa ni mtu wa namna gani.

Ndani ya kompyuta ile, miongoni mwa mafaili ya wanawake wa Songea na vijiji vyake, lilikuwemo faili la Leticia, binti yake wa pekee. Leticia alitoka kwa mumewe Pankrasi alfajiri moja ya masika, mdomo umevimba, mtoto mgongoni. Sasa yeye na Anjelika, aliyekuwa na miaka mitatu, walikuwa wamejificha Namasakata, mbali huko Tunduru, nyumbani kwa Sharifa, rafiki aliyesoma naye. Songea nzima, mahali hapo palijulikana na wakili Renatha, na Kasiana, na hiyo kompyuta tu.

Shauri la malezi ya mtoto lilipangwa kusikilizwa Jumatatu. Renatha alishinda amezungukwa na vitabu vya sheria na hukumu za zamani, miwani puani, kalamu nyuma ya sikio.

"Sheria inadhani mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama yake," alimweleza Kasiana. "Ila ni dhana, Mama Leticia, na dhana hupinduliwa. Pankrasi akimnyakua mtoto kabla ya Jumatatu, atasimama mbele ya hakimu akiwa naye mkononi, na sisi tutabaki na vitabu."

Kisha alisema jambo ambalo Kasiana alilipokea kwa sikio moja. Alikuwa amepitia mafaili ya miaka yote, akitaka kujua wanawake wanaotoroka kipigo hupatikanaje. "Si wapelelezi wanaowapata," alisema. "Ni ndugu. Familia zetu zinafunika kipigo miaka kumi, halafu zinatangaza maficho kwa siku moja."

"Labda familia za wengine," alijibu Kasiana, akakusanya vikombe.

Alhamisi asubuhi simu yake iliita. Alikuwa Sharifa, anahema.

"Mama, yule bwana amefika hapa. Ameshuka kwenye basi na kuulizia nyumba kwa jina langu. Jina langu, mama! Leticia na mtoto nimewaingiza ghalani, nyuma ya magunia ya korosho. Nimemwambia hawapo. Kasema anakwenda kula, atarudi."

Kasiana hakukumbuka alivyofika mezani kwa Renatha. "Ni yule kijana wa nyaya," alisema. "Nilimwona mimi. Amewauza wanangu."

Wakili aliondoa miwani. "Kuna nyumba ninayoweza kuwapeleka. Lakini kama siri inatokea humu ndani, nitakuwa nawahamishia mbele ya macho ya Pankrasi. Lazima tujue sasa hivi."

Otto aliitwa, akaja na pikipiki, kofia ngumu bado kichwani. Hakujitetea. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua orodha inayoonyesha kila aliyegusa kila faili, na saa aliyoligusa.

"Faili la Leticia limefunguliwa mara nne mwezi huu," alisema. "Zote na wakili."

"Aliyeiandika orodha si ndiye anayeweza kuifuta?" Kasiana alimkazia macho.

"Swali zuri, mama. Wenye digrii hawaniulizi hivyo." Alichana karatasi tatu kwenye daftari. "Basi tuiache kompyuta. Kila mmoja aandike watu wote aliopata kuwatajia Namasakata. Na mimi nimo, ingawa jina hilo nimelisikia leo."

Renatha aliandika jina la karani wa mahakama, akalitazama, akalikata. Huyo alimwambia "Tunduru" tu. Otto aliandika sufuri. Kasiana aliandika polepole, herufi kubwa za darasani: MUNGU PEKE YAKE.

Kalamu ikasimama mkononi.

Jumamosi iliyopita goti lilimuuma na hakuweza kwenda sala ya jumuiya ya kanisa, iliyofanyika asubuhi kwa Mzee Isidori. Asiyefika hutuma nia yake ya maombi kwenye kundi la simu, ili isomwe na wenzake. Naye alituma. Alitoa simu mfukoni mwa aproni, akaupandisha ujumbe kwa kidole gumba: *Tumwombee Leticia na Anjelika walioko ugenini Namasakata kwa dada Sharifa, Bwana awafiche chini ya mbawa zake.*

Chini yake zilijipanga Amina. Mama Romwaldi, Amina. Mzee Isidori, Amina na mikono iliyokunjwa. Alizihesabu kama mtu anayepapasa gizani, na ya kumi na saba ilikuwa na jina alilolijua.

*Amina, mama.*

Pankrasi. Jumuiya ilikataa kumwondoa kwenye kundi. Ndoa ni ndoa, walisema, na yeye ni kijana wetu. Kasiana mwenyewe alikuwa ameona aibu kusisitiza.

Aliisukuma simu mbele ya Otto. Kijana akasoma, akampa wakili. Kasiana alitamani kijana amseme, amcheke, amlipe maneno ya siku ile ya chini ya meza. Otto alimmiminia chai tu.

"Ofisi ni salama," Renatha alisema taratibu. "Nawatafutia gari. Mpigie mwanao ajiandae."

Leticia alipokea kwenye mlio wa kwanza, kwa sauti ya chini. "Mama, mmejua aliyemwambia?"

"Mimi."

Huko ghalani Anjelika alikuwa akihesabu kitu, moja, mbili, nne.

"Mama, wewe?"

"Niliwaombea, mwanangu."

Leticia alivuta pumzi ndefu. Kisha ujumbe wa wakili ulilia kwenye simu yake, Kasiana aliusikia. "Ameniandikia," Leticia alisema. "Gari linakuja, tunapelekwa kwa…"

"Usiniambie!"

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi. Tutaonana Jumatatu. Mfunge mtoto vizuri mgongoni."

Akakata mwenyewe, kabla roho haijambembeleza. Alitoka barazani apate hewa. Mama Romwaldi alikuwa akipita na ungo wa dagaa kichwani, uso umejaa huruma ya kweli.

"Mama Leticia! Bado tunawaombea. Binti hajambo huko aliko?"

Kasiana aliutazama uso ule wa miaka mingi, uso wa mwanamke aliyemsaidia kuzika wafu wa nyumbani kwake na kumlelea mtoto.

"Sijui aliko," alisema.

Mama Romwaldi alisimama, akimsubiri aendelee.